Peke yako mlimani, na mvua inanyesha



Tangu treni ya umeme ianze safari zake kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, milima ya Uluguru imesogea karibu na Kariakoo. Mtu anapanda treni alfajiri, na kabla hajamaliza kusinzia yuko Morogoro. Safari yenyewe haichukui hata saa mbili. Vijana wa mjini wamekwisha kugundua kwamba wanaweza kwenda mlimani asubuhi na kulala kwao Sinza usiku uleule. Ni jambo jema, nami nalipenda. Lakini wapo wanaokwenda peke yao, tena mwezi wa Aprili, masika yamekolea, na hao ndio ninaokusudia kuzungumza nao juma hili.

Simlaumu mtu kwa kwenda peke yake. Msitu wa mvua una mazungumzo yake, na mtu aliyefuatana na wenzake sita wanaopiga picha hayasikii. Ila kuna utaratibu. Sehemu ya juu ya milima hii ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 2008, na kibali huombwa katika ofisi ya hifadhi mjini Morogoro kabla ya kupanda. Hapo utaulizia pia mwongozaji, na kwa mtu ambaye hajaizoea njia, hasa masika, ushauri wangu ni kumchukua. Mwenye kuijua njia, akaamua kwenda peke yake, basi na asikilize hesabu zifuatazo, kwa sababu mlima wenye mvua ni mambo ya hesabu kuliko ushujaa.

Watu wa mjini tukisikia neno msitu, tunaogopa nyoka na chui. Nyoka wapo, lakini siku ya baridi na mvua nyoka naye amejikunyata mahali pake. Siafu ndio hutembea baada ya mvua, na ukiwakuta njiani waruke upesi, usisimame juu yao kuwatazama. Zaidi ya hayo, yanayomuangusha mtu mlimani siku ya mvua ni mambo mawili yasiyo na meno wala kucha, yaani muda na ubaridi.

Tuanze na muda. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo. Kanuni yenyewe ni kwamba uhesabu saa moja kwa kila kilomita tano, kisha uongeze saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Sasa mji wa Morogoro uko kwenye mwinuko wa mita 500 hivi, na kilele cha Bondwa, kile chenye minara ya mawasiliano unayoiona ukiwa mjini, kina zaidi kidogo ya mita 2,100. Kwa hiyo kupanda peke yake ni mita 1,600, sawa na saa mbili na dakika 40 za nyongeza. Tuchukulie kwamba umetembea kilomita kumi. Hizo ni saa mbili nyingine. Jumla ni saa nne na dakika 40, kwa mtu mwenye afya, kwenye njia kavu, asiyepumzika wala kula.

Njia ya masika si kavu. Matope huiongeza hesabu hiyo nusu yake bila kukuomba ruhusa, nawe umeshuka kwenye treni, ukatafuta bodaboda, ukapita ofisini, ukaanza kupanda saa tatu asubuhi. Utafika Bondwa saa kumi jioni. Jua la Morogoro linazama kama saa kumi na mbili na nusu, na chini ya miti, mawingu yakiwa yametanda, giza hutangulia nusu saa nzima. Tena kwetu huku karibu na Ikweta magharibi ni fupi. Hakuna ile jioni ndefu inayokusubiri ushuke. Wala usifikiri kwamba kushuka ni mteremko wa bure. Kwenye matope, kushuka ndiko kunakochosha na kuangusha zaidi.

Kwa hiyo nasema wazi: treni ya asubuhi, Bondwa, mvua ya masika na treni ya jioni, vyote katika siku moja, hesabu haikubali. Nenda hadi Morningside, penye nyumba ile ya kale ya enzi za Wajerumani, uingie kidogo msituni, kisha urudi. Hapo tayari utakuwa umeona mengi. Na kabla hujaanza kupanda, amua saa ya kugeuka. Saa saba mchana inafaa. Ikifika saa saba, geuka popote ulipo, hata kama kilele unakiona mbele ya pua. Saa hiyo iamuliwe chini, ukiwa mkavu na akili zimetulia, kwa maana mtu aliyelowa, aliye peke yake, ni hakimu mbaya wa mambo yake mwenyewe.

Hilo latuleta kwenye ubaridi, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu watu wengi wa pwani hawaamini kwamba mtu anaweza kuzidiwa na baridi umbali wa treni moja kutoka Dar es Salaam.

Ukipanda mlima, hewa hupoa kama sehemu sita za kumi za nyuzi kwa kila mita 100. Morogoro mjini ikiwa nyuzi 28, Bondwa ni nyuzi 18 hivi. Nyuzi 18 si kitu, utasema. Kweli si kitu, ukiwa mkavu. Lakini maji huondoa joto la mwili upesi kuliko hewa, takribani mara 25, na fulana ya pamba iliyolowa ni sawa na kujifunga maji kifuani. Kisha upepo wa mlimani huyakausha yale maji, na maji yakikauka hayaondoki mikono mitupu. Kuugeuza mvuke ujazo fulani wa maji kunahitaji joto mara tano na zaidi ya lile la kuyatoa maji hayo kwenye ubaridi wa barafu hadi yachemke. Joto hilo latoka wapi? Latoka kwako, ndugu yangu. Jinzi ndiyo mbaya kuliko zote, maana inanyonya maji mengi, inakuwa nzito, na haikauki hadi kesho.

Mwili wa binadamu unaishi kwenye nyuzi 37. Ukishuka chini ya 35, mambo huharibika, na huharibika kwa mpangilio. Kwanza mtu hutetemeka. Kisha vidole vinakataa kazi. Kifungo hakifungiki, zipu haishikiki. Halafu ulimi unakuwa mzito na mawazo yanapotea. Anakaa chini apumzike kidogo tu, anaona hakuna haja ya kuvaa koti. Mwishoni kutetemeka kunakoma, naye anajiona nafuu, kumbe hapo ndipo palipo hatari kubwa. Mwenye mwenzake ataambiwa, bwana wee, mbona unasema ovyo, kaa tukuvalishe. Aliye peke yake hana wa kumwambia. Hapo ndipo lilipo tatizo la kwenda peke yako, kwamba kile chombo cha kutambulia hatari, yaani akili, ndicho kinachotangulia kuharibika.

Kwa sababu hiyo, dalili ya kufuata ni vidole. Ukishindwa kufunga kifungo, usijadiliane na nafsi yako. Vua kilicholowa, vaa kikavu, kula kitu kitamu, anza kushuka. Na hicho kikavu lazima kiwepo. Sweta moja ya sufu au ya nailoni, iliyofungiwa mahali maji hayafiki, isiyoguswa hadi siku ya shida. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2019, basi tumia chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, kile cha kuwekea chakula. Sweta na kiberiti vitakaa humo vizuri. Chupa ya chai yenye sukari nyingi, karanga na ndizi vinatosha kwa tumbo. Kinywaji kikali kiache mjini. Kinakufanya ujisikie moto kwa sababu kinaipeleka damu kwenye ngozi, na huko kwenye ngozi ndiko joto linakopotelea.

Sasa matope yenyewe. Udongo mwekundu wa Uluguru una chembe za mfinyanzi ndogo mno, bapa kama karata. Maji yakiingia kati yao, karata moja inateleza juu ya nyingine, nawe uko juu ya zote. Ajabu ni kwamba msituni, hatua mbili tu nje ya njia, hapatelezi hivyo. Majani yaliyooza yametandikwa kama jamvi na maji yanazama taratibu. Njia ni tofauti kwa kuwa miguu ya watu imeishindilia hata maji hayana pa kuingilia, basi yanateremka juu yake, na njia inageuka mfereji. Hata mvua ikikatika, miti huendelea kudondosha maji kwa muda mrefu, hivyo msituni hunyesha mara mbili.

Masika moja nilikuwa nateremka kwa kuegemea nyuma, kama mtu anayemzuia punda, nikapitwa na mama wa Kiluguru, miguu mitupu, furushi la mboga kichwani. Hakupunguza mwendo. Alisema tu, “Baba, kunja magoti, ukiegemea nyuma utakaa.” Nikakunja magoti, nikapiga hatua fupi, nikaukanyaga ukingo wenye nyasi, na mwendo ukawa mwingine kabisa. Wenyewe wanashika udongo kwa vidole vya miguu, jambo ambalo sisi tuliokulia kwenye viatu hatuliwezi. Kwetu sisi, njumu za mpira wa miguu, hata za mtumba, hung'ata matope kuliko raba za bei kubwa. Lakini juu ya mawe na mizizi iliyolowa njumu ni hatari. Mizizi uivuke, usiikanyage. Fimbo ya kukufika kifuani haidharauliki.

Ukitoka msituni ukaingia mashambani, utavuta pumzi ukidhani umekwisha kufika. Hapana. Tarehe 23 Februari 1970, huko Mgeta, upande wa magharibi wa milima hii, mvua ya kama milimita 100 ilimwagika katika muda usiozidi saa tatu. Wataalamu waliochunguza baadaye walikuta maporomoko ya udongo zaidi ya 1,000. Karibu yote yalianzia kwenye mashamba na penye nyasi tupu. Ndani ya msitu yalikuwa machache mno, kwa kuwa mizizi ya miti imeshona mlima. Kwa hiyo mvua kubwa ikikukuta, usiende kujibanza chini ya kingo za udongo zilizochongwa kando ya njia kwenye mashamba ya mteremko. Na ukiona ufa mpya kwenye udongo juu ya njia, pita upesi au urudi.

Vijito navyo vina tabia yao. Asubuhi umekivuka kwa kuruka jiwe. Alasiri kimekuwa cha rangi ya chai ya maziwa na unasikia mawe yakigongana chini. Huenda hapo ulipo hata haijanyesha, imenyesha juu. Usivuke. Nguvu ya maji haiongezeki sambamba na mwendo wake. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne, na maji ya magotini yanatosha kukubeba. Habari njema ni kwamba vijito vya mlimani hushuka karibu kwa wepesi uleule viliopandia. Keti mahali pa juu, vaa sweta yako, unywe chai, usubiri. Treni ikikuacha, kesho ipo nyingine.

Tena maji hayo unayoyasubiri yapite, mkazi wa Dar es Salaam, ni yako. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi hugonga milima hii, hupanda, hupoa, na hutua mzigo wao. Ndiyo maana upande wa mashariki hupata mvua zaidi ya mara mbili ya ile ya Morogoro mjini. Sehemu kubwa ya mvua hiyo huingia mto Ruvu, na Ruvu ndio unaolisha mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mwishoni mwa mwaka 2022 mvua zilipochelewa na mto ukapungua, jiji lilipangiwa zamu za maji. Waliobeba ndoo wakati ule wataelewa kwa nini siwezi kuyatukana matope ya Uluguru.

Limebaki la simu. Kwenye migongo ya mlima, kwa sababu ya ile minara, mara nyingi utapata mawasiliano. Mabondeni usiyategemee, na simu iliyolowa ni jiwe tu. Chukua firimbi. Alama ya kuomba msaada mlimani ni mipulizo sita katika dakika moja, nyamaza dakika moja, kisha rudia. Na kabla hujapanda, mwachie mtu wa hapo Morogoro, si shangazi aliyeko Mbagala, maneno matatu: njia unayopita, saa ya kugeuka, na saa ambayo asipokuona atoe taarifa. Ukishuka salama, mpigie simu mtu huyo kabla hujaenda kituoni, asije akapanda na tochi usiku kukutafuta msituni, kumbe wewe uko kwenye treni unatafuna korosho.