Madoa ya Majani: Yapi ni Maumbile, Yapi ni Ugonjwa

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mazungumzo haya yamechapishwa ili darasa liyasome baada ya kuyasikiliza.

MANENO YA LEO
Umbijani: rangi ya kijani iliyomo ndani ya jani. Huitwa pia klorofili.
Ubwiri unga: ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga juu ya majani.
Batobato: ugonjwa wa muhogo unaotia majani mabaka ya njano.
Pingili: kipande cha shina la muhogo kinachopandwa.

MWALIMU: Hamjambo, ndugu wasikilizaji. Ninyi wa Kongwa, wa Mpwapwa, wa Bahi, wa Chamwino na ninyi wa Dodoma mjini, nawasalimu wote. Kama kiongozi wa darasa amewaletea jani la maboga na jani la muhogo, yawekeni mezani, maana leo tutasoma majani kama tunavyosoma kitabu. Hapa pamoja nami yupo mama mmoja, mwanafunzi wa darasa kama ninyi. Yeye atauliza kwa niaba yenu. Shikamoo, Mama.

MAMA: Marahaba, Mwalimu. Mimi nina maua katika makopo barazani. Moja lina majani yenye madoa meupe, kama lililorushiwa chokaa. Jirani yangu ameniambia nilitupe, kwa kuwa linaumwa na litaambukiza mboga zangu. Je, ni kweli?

MWALIMU: Usilitupe bado, Mama. Kwanza tujue jani limefanywaje. Jani ni jiko la mmea. Ndani yake mna rangi ya kijani iitwayo umbijani. Rangi hiyo hushika mwanga wa jua, na kwa nguvu ya mwanga huo mmea hupika chakula chake kwa maji na hewa. Juu ya jiko hilo pana ngozi nyembamba isiyo na rangi, nayo huupitisha mwanga kama kioo.

Sasa chukueni jani la maboga. Mara nyingi mtaona mabaka meupe ya kung'aa, hasa pale mishipa ya jani inapoachana. Sugueni baka moja kwa kidole. Je, limefutika? Halikufutika. Geuzeni jani. Upande wa chini ni kijani kama kawaida. Basi mabaka yale si ugonjwa. Mahali pale ngozi ya jani haikushikamana na nyama yake ya kijani. Katikati pana nafasi ndogo ya hewa. Mwanga unapofika hapo, sehemu yake hurudishwa, na macho yetu huona weupe. Povu la sabuni nalo ni hivyo hivyo. Maji hayana rangi, lakini yakichanganyika na hewa huonekana meupe. Chini ya weupe ule umbijani upo, na jiko linafanya kazi.

MAMA: Kumbe! Majani ya maboga tumeyala miaka yote na mabaka yake.

MWALIMU: Ndiyo, nayo ni mboga njema. Maua mengi ya makopo yana madoa ya namna hiyo. Liko moja liitwalo hoya, lenye asili ya Asia na Australia. Hutambaa kama kamba, na majani yake ni manene, yanang'aa kama yamepakwa nta. Baadhi ya hoya zina vidoa vya rangi ya fedha. Katika mmea mmoja, jani moja laweza kuwa na madoa mengi, na jani la pili likawa na machache au lisiwe nayo kabisa. Hata mwanga wa mahali ulipowekwa mmea waweza kubadili wingi wake. Hayo ni maumbile tu. Watoto wa baba mmoja na mama mmoja hawafanani sura. Vivyo hivyo majani machanga ya mwembe hutoka mekundu kabla ya kuwa kijani, na hatusemi mwembe unaumwa.

Kuna namna ya pili. Hapa umbijani wenyewe haupo katika sehemu ya jani, na sehemu hiyo huwa nyeupe au njano pande zote mbili. Mfano wake ni mkonge wa mapambo, ule wenye majani marefu yaliyosimama kama panga. Asili yake ni Afrika, na jamaa zake huota wenyewe katika vichaka vikavu vya nchi yetu. Michirizi yake ya kijani kizito na kijani chepesi ni ya kuzaliwa nayo. Lakini uko mwingine wenye ukingo wa njano. Ukikata kipande cha jani la huu ukakipanda mchangani, machipukizi yake yatatoka bila ukingo wa njano. Ukiugawa kitakoni, pamoja na mizizi yake, mtoto atakuwa na ukingo kama mama yake. Kwa nini? Kwa sababu mmea huo umejengwa kwa tabaka mbili, moja yenye umbijani na moja isiyo nao. Chipukizi la kitakoni hurithi tabaka zote mbili. Chipukizi la jani hutoka katika tabaka moja tu, ile ya kijani.

MAMA: Basi madoa yote ni mapambo?

MWALIMU: Hapana, Mama, na hapa ndipo penye hatari. Huko Uholanzi, zaidi ya miaka 380 iliyopita, watu walishindana kununua maua yaitwayo tulipu yenye michirizi ya rangi mbili. Bei zilipanda mno, kisha mwaka 1637 zikaanguka ghafula. Karibu miaka 300 baadaye wataalamu waligundua kwamba michirizi ile ililetwa na ugonjwa wa virusi, unaochukuliwa na wadudu wadogo waitwao vidukari. Watu walikuwa wamenunua ugonjwa kwa fedha nyingi. Kwa hiyo uzuri peke yake si ushahidi wa afya. Tuwe na maswali ya kuuliza jani.

Swali la kwanza: doa linafutika? Likitoka kidoleni kama unga, huenda ni ubwiri unga. Wakulima wa zabibu wa Dodoma wanaujua sana, kwa maana hushika majani na vichala vya mizabibu yao. Maboga nayo hupata ugonjwa wa jinsi hiyo.

Swali la pili: jani lina umbo lake? Doa la maumbile haliharibu umbo. Jani likijikunja, likawa dogo upande mmoja, au likawa na makunyanzi, shuku ugonjwa.

Swali la tatu: doa linaenea? Doa la maumbile huja na jani tangu uchanga wake. Doa linaloanza dogo, likakua, likakauka katikati na kurukia majani ya jirani, hilo si la maumbile.

Swali la nne: mmea unakua kama wenzake? Mmea wenye madoa ya maumbile una nguvu zake. Mgonjwa hudumaa.

Sasa chukueni jani la muhogo. Kama lina mabaka ya njano au kijani chepesi yasiyo na mpango, na vidole vya jani vimepinda na kuwa vidogo, hiyo ni batobato. Muhogo wenye batobato kali hutoa mizizi michache na midogo. Sisi wa nyanda za kati tuna msimu mmoja wa mvua, tangu Desemba hivi mpaka Aprili, na mvua ikikatika mapema mtama na uwele hupungua. Muhogo hungoja ardhini mpaka siku ya shida. Ukienda kuchimba siku hiyo ukakuta vijizi vyembamba kama kidole, utakula nini?

Ugonjwa huu una historia katika nchi yetu. Maandishi ya kwanza juu yake yalitolewa mwaka 1894, na muhogo ulioandikwa habari zake ulikuwa wa Usambara. Baadaye, katika miaka ya 1930, wataalamu wa kituo cha Amani, huko huko Usambara, walizalisha muhogo pamoja na jamaa yake, mti mmoja wa mpira, ili wapate mihogo yenye kustahimili batobato. Kizazi cha mihogo ile kilitumiwa hata Nigeria katika kutafuta mbegu bora. Jirani zetu wa Uganda walipatwa na batobato kali katika miaka ya 1990. Mashamba mengi yaliachwa, na sehemu nyingine watu walipata njaa.

MAMA: Huenezwa na nini, Mwalimu?

MWALIMU: Na vitu viwili. Cha kwanza ni nzi weupe, wadudu wadogo sana wakaao chini ya majani. Cha pili ni mikono yetu wenyewe. Kumbukeni ule mkonge wenye ukingo wa njano. Pingili ya muhogo nayo hutoka katika mwili wa mama, haianzi upya kama punje ya mtama. Mama akiwa na virusi, kwa kawaida na pingili inavyo. Mtu akimpa ndugu yake mzigo wa pingili zenye batobato, amempa ugonjwa kwa nia njema.

MAMA: Na kisamvu cha muhogo huo kitatudhuru?

MWALIMU: Virusi vya batobato haviambukizi watu. Lakini kisamvu chochote kina sumu yake ya asili. Kitwangwe vizuri na kupikwa mpaka kiive sawasawa.

MAMA: Tufanye nini shambani?

MWALIMU: Batobato haina dawa ya kuponya shina lililokwisha kushikwa. Basi, chagueni pingili wakati majani yangali juu ya mti, maana shina lililokwisha kupukutika halisemi habari zake. Wekeni alama kwenye mashina yenye afya, mkate pingili kwa hayo tu. Katika miezi ya kwanza piteni shambani, na shina lenye batobato ling'oeni mkaliteketeze. Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yenu aulizwe mbegu zinazostahimili. Tena, upo ugonjwa mwingine uitwao michirizi kahawia, ambao majani yake huweza kudanganya macho. Wakati wa kuchimba, kateni mizizi. Mkiona madoa makavu ya kahawia ndani, msichukue pingili za shina hilo.

MAMA: Na ua langu la kopo?

MWALIMU: Liulize yale maswali manne. Kama madoa hayafutiki, hayaenei, jani limenyooka na mmea unakua, likae barazani. Doa la maumbile haliambukizi mboga. Ila jambo moja: mengine yenye shina nene na majani mapana ya mabaka meupe yana utomvu unaochoma mdomo na koo. Yawe mbali na watoto.

MAMA: Ahsante, Mwalimu. Nitamwita jirani tulitazame pamoja.

MWALIMU: Vema sana. Kwa herini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.

MASWALI YA DARASA
1. Kwa nini baka la jani la maboga huonekana jeupe?
2. Taja maswali manne ya kuuliza jani.
3. Kwa nini pingili zichaguliwe kabla majani hayajapukutika?
4. Kila mmoja alete jani moja lenye madoa. Andika sentensi tatu: umeona nini, ni maumbile au ni ugonjwa, na umejuaje.