MBAO ZA KUTA ZA NJE KATIKA NCHI ZA MVUA NYINGI

Katika nchi za milimani, kama vile Rungwe, Usambara, miteremko ya Kilimanjaro na pande za Mlima Kenya, watu wengi hujenga nyumba zao kwa mbao. Ni desturi njema, kwani ubao haupitishi baridi upesi kama bati, na fundi wa kijiji aweza kuufanyia kazi kwa msumeno, randa na nyundo tu. Lakini hali ya hewa ya nchi hizo ni kali. Upande wa Tukuyu mvua ya mwaka mmoja hupita milimita 2,000, na jua la mchana huchoma ukuta uliolowa asubuhi. Ndiyo sababu nyumba mbili za umri mmoja zaweza kuwa moja imara, na ya pili imeoza chini hata kidole chapenya. Twapenda kueleza jambo hili, ili mwenye kutoa fedha yake asiitoe mara mbili.

Kwanza yafaa tumjue adui. Watu husema kwamba mvua huozesha mbao. Si mvua hasa, bali ni kuvu, nayo haiwezi kukua katika ubao mkavu. Maji yaliyomo yakiwa chini ya sehemu moja katika tano za uzito wa ubao wenyewe, kuvu haipati nafasi. Basi ubao unaolowa na kukauka upesi hauna hatari kubwa. Ule unaokaa na unyevu wiki baada ya wiki ndio unaoharibika. Kwa hiyo mjenzi ajiulize maswali mawili: Je, ubao huu ni wa sehemu gani ya mti? Na je, maji yakiingia, yatatokea wapi?

Kila mti una weupe na kiini. Weupe ni sehemu ya nje, karibu na gome, ipitishayo maji mti ungali hai; kuvu na wadudu huupenda sana. Kiini ni sehemu ya ndani, na katika miti mingi huwa na rangi nzito zaidi, kwa kuwa mti umetia humo dawa zake wenyewe. Kiini cha mwerezi, waitwao mtarakwa na wengi wa Kenya, ni chekundu chenye harufu nzuri, nacho huvumilia mvua na mchwa miaka mingi. Waalimu watakumbuka kwamba penseli nyingi zilitengenezwa kwa mti huo. Mvule, mninga na msaji pia vina kiini kizuri. Lakini weupe wa mti wo wote, hata wa mvule, haufai nje bila dawa.

Hapa ndipo wengi hupotea. Mabanzi yauzwayo kwa bei nafuu ni vipande vya kwanza vya gogo, yaani ni weupe karibu mtupu, na gome limeshikamana nayo. Gome huzuia maji yasitoke, na wadudu hujificha chini yake. Asiye na uwezo wa kununua mbao nyingine na ayabandue gome lote, ayakaushe, na kuyaweka juu ukutani chini ya upenu, wala si chini ambako matone huruka.

Tena mbao mbichi zisipigiliwe. Zipangwe kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti ili upepo upite. Ubao mmoja upimwe uzito kila juma. Uzito ukiacha kupungua, mbao zimekauka.

Katika kujenga, mambo haya ni ya lazima. Ukuta wa mbao uanze juu ya msingi wa mawe, shibiri moja au zaidi kutoka ardhini. Upenu utokeze futi mbili. Mbao za kulala zipandane kwa inchi moja au zaidi, kama magamba ya samaki, na nyuma yake pawe na nafasi ya hewa. Kila ubao upigiliwe mstari mmoja wa misumari, juu kidogo ya mahali zinapopandana. Ukipigiliwa juu na chini utapasuka, kwa maana ubao hutanuka na kunywea kwa mapana yake. Misumari iwe iliyotiwa zinki. Ncha za mbao zipakwe rangi au mafuta, kwani ncha hunywa maji upesi kuliko uso.

Mambo haya si mapya. Huko Norway, nchi ya mvua na theluji, liko kanisa la mbao mahali paitwapo Borgund, lililojengwa karibu na mwaka 1180, nalo lasimama hata leo. Mbao zake ni za msindano. Mafundi wa kale walikuwa wakizika nguzo udongoni, nazo zikaoza. Ndipo walipojifunza kuweka boriti juu ya mawe, na kuzipaka mbao lami ya miti mara kwa mara.

Siku hizi mierezi imepungua, na ni vema kutafuta kibali kabla ya kukata. Wengi hununua msindano uliotiwa dawa kiwandani, nao wafaa. Lakini dawa nyingine zina sumu ya aseniki, na mara nyingi mbao zake huwa na rangi ya kijani. Vipande vyake visiwe kuni kamwe, wala visitumiwe jikoni, na majivu yake yasitiwe shambani. Wazee na waalimu wawaonye watu, hasa wapikao shuleni.

Mwisho, ukuta ukigeuka rangi ya majivu kwa jua, mwenye nyumba asiogope. Huo ni uso tu. Aangalie chini na kwenye maungio kila masika yanapokwisha, na kuubadili ubao mmoja ungali mmoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.