Mkimhamisha Mkuu wa Shule, Fizikia Atafundisha Nani?

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wazazi wa Nachingwea na Ruangwa huniuliza swali lile lile: "Mwalimu, huyu mkuu wetu atahamishwa lini?" Hakuna anayeuliza shule ina walimu wangapi wa hisabati.

Mkuu wa shule ya serikali haajiri mwalimu wala hampangii kituo. Walimu wanapangwa na mamlaka zilizo juu yake, na makosa yao makubwa ya nidhamu yanakwenda Tume ya Utumishi wa Walimu. Ukuu wenyewe ni madaraka tu: posho ya 250,000 kwa mwezi, na siku akivuliwa anarudi darasani na mshahara wake wa mwalimu.

"Lakini anakula hela za elimu bila malipo." Wezi wapo, nitawafikia. Kwanza tupige hesabu. Shule ya kutwa inapata fidia ya ada 20,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, pamoja na nusu ya ruzuku ya uendeshaji, yaani 12,500. Nusu nyingine ya ruzuku ni ya vitabu. Wanafunzi 400 ni milioni 13, yaani chini ya 1,100,000 kwa mwezi. Humo mna mlinzi, umeme, chaki, karatasi za mitihani na kemikali za maabara.

Sasa hiyo dawa yenu ya uhamisho. Mkuu anaripoti Julai, Novemba watoto wanafanya mtihani, Januari mnamhukumu kwa vijana waliosoma miaka mitatu na nusu chini ya mwenzake. Akihamishwa, lori la mizigo yake kutoka Ruangwa linapishana na la mwenzake anayetoka Nachingwea, halmashauri inabaki na madeni ya uhamisho, na fizikia bado haina mwalimu. Mwaka 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne nchi nzima walipata sifuri, hata Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume. Tuseme wakuu wote wa Tanzania walizembea mwaka mmoja?

Na korosho je? Mtihani wa Novemba unakuta minada imepamba moto. Kijana wa kidato cha nne anaokota korosho Oktoba nzima, daftari la mahudhurio limejaa alama za utoro, na aliyemtuma shambani ndiye anayenipigia simu Januari kumlalamikia mkuu. Mkuu akimwita mzazi huyo shuleni, anaambiwa ana roho mbaya, hataki watu wavune. Akinyamaza, amefelisha. Kazi hiyo mngeipenda ninyi?

Mnaotaka kufanya jambo, fanyeni haya. Hudhurieni kikao cha wazazi, hasa cha kabla ya mavuno, mkubaliane nani ataokota korosho siku za shule. Someni mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo. Kama hayajabandikwa, idaini bodi ya shule. Upungufu wa walimu uandikieni barua kwa Afisa Elimu Sekondari wa wilaya, mtaje masomo. Mchango wa chakula cha mchana ujadiliwe na wazazi wote, kiasi kikubaliwe na kumbukumbu ziandikwe. Ufundishaji mbovu waambieni wadhibiti ubora wa shule. Na mkiona fedha zimetumika visivyo, pelekeni ushahidi TAKUKURU, si kwangu.