Pumzi Nzito za Mtoto Anayeharisha

Katika Nyanda za Juu Kusini, miezi ya Juni hadi Agosti ni ya baridi kali, na katika zahanati za Mbeya na Iringa mtoto mchanga anayepumua harakaharaka hudhaniwa kwanza kuwa na nimonia. Mara nyingi dhana hiyo ni sahihi. Lakini ikiwa mtoto huyo ameharisha kwa siku mbili au tatu, hakohoi, kifua hakibonyei ndani, na pumzi zake ni za haraka na za kina, yafaa mhudumu afikirie jambo jingine: huenda damu imezidiwa na tindikali, na mapafu yanajitahidi kuipunguza kwa kutoa hewa ya ukaa. Upumuaji huu ulielezwa na tabibu Mjerumani, Adolf Kussmaul, mwaka 1874, kwa wagonjwa wa kisukari.

Chanzo kikuu ni utumbo wenyewe. Majimaji ya kongosho na ya utumbo yana baikaboneti nyingi, ambayo huzimua tindikali. Kwa kawaida sehemu kubwa yake hufyonzwa tena. Mtoto anapoharisha, hutoka na kinyesi. Kisha maji ya mwili yakipungua, damu haizifikii seli ipasavyo, nazo hutengeneza nguvu bila oksijeni ya kutosha na kuacha tindikali ya laktiki. Figo ambazo zingeitoa kwa mkojo nazo zimekosa damu, na figo za mtoto mchanga hata akiwa mzima hazijakomaa kwa kazi hiyo. Njaa huongeza mzigo, kwani mwili unaounguza mafuta yake huzalisha ketoni. Kwa hiyo kumnyima mtoto ziwa eti tumbo lipumzike ni kumdhuru. Aspirini nayo, ikitolewa kushusha homa, yaweza kuleta tindikali na pumzi zilezile.

ORS iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2002 ina sitreti, ambayo mwili huigeuza kuwa baikaboneti. Maji ya chumvi na sukari yaliyochanganywa nyumbani hayana. Mtoto wa chini ya mwaka 1 aliyekaukiwa sana, asiye na utapiamlo mkali, hupewa dripu ya Ringer laktati: mililita 30 kwa kila kilo katika saa 1 ya kwanza, kisha 70 katika saa 5 zinazofuata. Dripu ya chumvi ya kawaida hutumika isipopatikana hiyo, ingawa tindikali huchelewa kuondoka. Sindano ya baikaboneti si tiba ya kila siku. Maji yakirudi na mkojo ukitoka, figo humaliza kazi zenyewe, ilhali baikaboneti ya haraka yaweza kushusha potasiamu kwa hatari.

Mama anayetoka mbali, tuseme vijiji vya Kilolo au Rungwe, asingoje kufika. Akiona mtoto amelegea, macho yamedidimia, mkojo umekuwa haba na pumzi zimekuwa nzito, aondoke mara moja, akimnyonyesha na kumpa ORS kwa kijiko njia nzima, maadamu mtoto yu macho na anaweza kumeza.