Punguzo la Kodi na Suala la Wakazi: Mfano wa Mount Laurel

Wanaopinga nyumba za bei nafuu katika miji midogo hudai kwamba nyumba hizo huleta wageni. Historia ya Mount Laurel, jimbo la New Jersey, Marekani, inalikanusha dai hilo. Mwaka 1950 mji huo ulikuwa na watu 2,817. Mwaka 1970 walifikia 11,221. Walioongezeka, kwa hakika, ndio waliokuwa wageni: familia zenye uwezo, kwani kanuni za ardhi ziliruhusu nyumba za familia moja moja tu. Waliosukumwa nje ni Wamarekani weusi maskini, wenyeji wa hapo kwa vizazi kadhaa. Ethel Lawrence alikuwa miongoni mwa walioushtaki mji, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikawapa haki mwaka 1975, kisha tena 1983.

Hata hivyo, hukumu haifyatui matofali. Njia ya kupata mtaji ilifunguliwa na sheria ya kodi ya mwaka 1986: mwekezaji hutoa fedha za ujenzi, naye hupunguziwa kodi ya serikali kuu kwa miaka 10, mpangaji sharti awe na kipato cha chini, na pango huwekewa kikomo. Nyumba 100 za kwanza, zenye jina la Lawrence aliyefariki mwaka 1994, zilifunguliwa mwaka 2000. Nyingine 40 zikafuata. Utafiti wa Douglas Massey na wenzake, uliochapishwa mwaka 2013, haukuona ongezeko la uhalifu wala kushuka kwa thamani ya nyumba jirani. Aidha, wapangaji walikuwa na ajira na kipato bora kuliko waombaji waliokuwa wangali wakisubiri nafasi.