DAWA YA KUCHUA: ITUMIE VIZURI, IWEKE MBALI NA WATOTO

Kazi zetu ni za nguvu. Huku milimani Mbinga tunalima ngoro. Wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga. Wanawake huchimba udongo na kuzifukia. Kule ufukoni mwa Ziwa Nyasa, wavuvi hupiga kasia na kuvuta nyavu za usipa. Jioni mgongo unauma, mabega yanauma, magoti yanauma. Ndipo mtu hununua dawa ya kuchua.

Je, dawa hii hufanya nini? Nyingi zina mentholi, pamoja na methili salisilati, ambayo ni ndugu wa aspirini. Ngozi husikia baridi au joto, na maumivu hupungua kwa muda. Lakini dawa hii haiungi mfupa uliovunjika, wala haiongezi nguvu. Kwa hiyo, pumzika pia.

Inunue katika duka la dawa muhimu lenye kibali. Maduka haya yalianzia hapa kwetu mkoani Ruvuma mwaka 2003, kisha yakaenea nchini. Muuzaji wake amefundishwa. Muulize. Tazama tarehe ya mwisho ya kutumia dawa.

Namna ya kuitumia:

1. Osha mahali panapouma, kisha pakaushe.

2. Paka dawa kidogo, uchue polepole. Fuata maandishi ya boksi. Usizidishe.

3. Usipake kwenye kidonda, machoni, mdomoni wala sehemu za siri.

4. Usifunge kitambaa cha kubana. Usikande kwa maji ya moto, wala usiote moto. Ngozi inaweza kuungua. Mwaka 2012 idara ya dawa ya Marekani ilitangaza kuwa watu wameungua kwa dawa za namna hii, na wengine walilazwa hospitali. Ukisikia ngozi inaungua, ioshe kwa sabuni na maji baridi.

5. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto au kugusa macho.

Mama mjamzito, anayenyonyesha, mtu anayedhuriwa na aspirini, na anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, waulize kwanza zahanati. Usimpake mtoto mdogo.

Sasa sikiliza jambo kubwa. Dawa hii ikiingia tumboni ni sumu. Mafuta ya methili salisilati yasiyochanganywa, kijiko kimoja tu cha chai kinaweza kumwua mtoto mdogo. Nayo hunukia kama peremende, hivyo mtoto hudhani ni kitu kitamu. Usiitie kamwe katika chupa ya soda. Ifunge, uiweke juu.

Mtoto akiinywa, usimtapishe. Usingoje aanze kutapika, kuhema haraka au kulegea. Mpeleke hospitali mara moja, na chupa uichukue.

Nenda zahanati pia ikiwa maumivu yamepita siku 7. Ikiwa kiungo kimevimba na una homa. Ikiwa umeanguka na huwezi kukanyaga. Au ikiwa mgongo unauma na miguu inakufa ganzi. Hayo hayatibiwi kwa kuchua.

Ukimaliza kusoma, inuka utazame dawa yako iko wapi. Kama mkono wa mtoto unaifikia, ihamishe sasa hivi.