Mtoto akisema padi ni mbovu, msikilize kwanza

Ugomvi wa gemu nyumbani huwa na sura moja. Watoto wawili wanacheza mpira kwenye PlayStation 4. Mmoja ameshika padi iliyokuja na mashine, mwenzake ameshika ile iliyonunuliwa baadaye kwa bei nafuu. Wa pili anafungwa, analia: "Padi mbovu!" Mama anamwambia akubali kushindwa. Pengine mtoto anasema kweli.

Padi zisizo na waya ambazo hazikutengenezwa na wenye mashine wenyewe ziko za namna mbili, na wazazi wengi huzitia kapu moja. Kuna kampuni zinazobuni padi zao na kuandika jina lao juu yake, kama 8BitDo na GameSir za China. Halafu kuna kopi, inayofanana na DualShock 4 ya Sony mpaka nembo, lakini ndani ni kitu kingine kabisa. Ajabu ni kwamba dukani ile ya kwanza ndiyo hutiliwa shaka, kwa sababu haina jina la PlayStation.

Kwa familia ya Kibingo, tofauti hiyo inagusa mfuko. Padi haipatikani kila duka la kijijini. Itafuatwa Kayanga au Bukoba, au ndugu aliye Dar es Salaam ataipakia kwenye basi, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Ikifika mbovu, kuirudisha ni gharama nyingine, na hela za kahawa haziji kila mwezi. Kwa hiyo padi ikaguliwe kwa mikono kabla ya kulipa. Kama mnunuzi ni mjomba wa Dar, basi mjomba ndiye aikague.

Aanze na analogi, vile vijiti viwili vyenye kichwa kama uyoga vinavyosukumwa kwa kidole gumba. Katika padi nyingi, hata za Sony, chini ya kijiti kuna kipande kinachoteleza juu ya utepe mwembamba wa kaboni, kama kitufe cha kuzungusha sauti kwenye redio ya zamani. Kila msuguano unakula kidogo. Redio ikichakaa hukwaruza. Padi ikichakaa, mchezaji anatembea peke yake uwanjani wala hajaguswa. Mtoto anaweza kuchapwa kwa kuharibu padi ambayo imechoka tu yenyewe.

Baadhi ya padi mpya za 8BitDo na GameSir zimeondoa msuguano huo kwa kutumia sumaku. Kwenye boksi huandikwa Hall Effect, kwa jina la Mmarekani Edwin Hall aliyegundua kanuni hiyo mwaka 1879. Si uchawi mpya: padi ya Dreamcast ya Sega iliyotoka 1998 ilikuwa nayo. Mzazi akiyaona maneno hayo kwenye boksi la kampuni inayojulikana, ana sababu nzuri ya kuongeza hela kidogo.

Dukani, zungusha kijiti kisha kiachie. Kirudi katikati mara moja, bila kuyumba. Bonyeza R2 polepole kwenye gemu ya magari: gari liongeze mwendo taratibu. Likiruka ghafla kutoka sifuri hadi mwendo wa mwisho, hicho kitufe ni cha kuwasha na kuzima tu. Pitisha kidole kwenye mshono wa plastiki. Ukikwaruza kiganja chako, utakwaruza na cha mwanao.

Na huyo mwana awepo, kama inawezekana. Padi nyingi zimepimwa kwa mkono wa mtu mzima. Mtoto wa miaka saba akishindwa kufikia R2 bila kuhamisha kiganja, atacheza kwa shida hata kama padi ni ya gharama. Ndogo na nyepesi itamfaa zaidi, haidhuru kaka yake aicheke.

Kuhusu kuchelewa, bluetooth ya padi hafifu inaweza kukawiza amri kiasi cha kumfanya kipa aruke mpira umeshaingia. Padi nyingine huja na kidude cha USB kinachotumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na hicho kwa kawaida hujibu haraka zaidi. Kipotee, faida hiyo imekwenda nacho, kifungiwe mahali.

Uliza pia padi inakubali mashine gani. Inayoandikwa Android na kompyuta si lazima ifanye kazi kwenye PlayStation. Hata DualShock 4 halisi haichezi gemu za PlayStation 5. Kwenye simu ya baba, Minecraft inapokea padi.

Umeme ukiwa wa kukatika, padi inayotumia betri ndogo za AA, zile za rimoti, ni rafiki mzuri, kwa kuwa duka la jirani huwa nazo. Yenye betri ya ndani ichajiwe kwa chaja ndogo ya kawaida ya volti 5, mchana, mtu mzima akiwepo. Mgongo wa padi ukivimba au ukiwa wa moto sana, ichomolewe na isitumike tena mpaka fundi abadilishe betri.